Kumtegemea Allah si kusubiri maji yafike kitandani

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, leo naanza kwa kukiri kosa langu. Mwishoni mwa mwaka 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imekwishatangaza kuwa msimu ule utakuwa na mvua za El Niño. Ijumaa moja, katika kijiji kimoja cha bonde la Rufiji ninakofundisha dini, kijana mmoja mvuvi alinifuata kabla ya khutba. Akaniamkia, akasema: "Ustadh, naomba dakika mbili baada ya swala. Nataka kuwaambia watu waanze kupandisha nafaka na vyeti huko juu, maana redioni wanasema mvua za mwaka huu si za kawaida."

Nikamjibu mbele ya wazee: "Msikiti si kituo cha redio. Mvua ni ya Allah, anaipeleka atakako." Wazee wakaafiki. Kijana akanyamaza, akaenda kukaa safu ya nyuma.

Aprili 2024, siku za mwisho za Ramadhani, mto ukatoka kwenye kingo zake. Maji yalianza mashambani, yakafika uani, na usiku mmoja kabla ya daku yakaingia vyumbani. Bibi mmoja, mjane anayeishi jirani na msikiti, alitolewa ndani kwa mtumbwi wa kijana yule yule. Alisalimika, alhamdulillah. Lakini mpunga wake wote, mbegu za msimu uliofuata, vyeti vya kuzaliwa vya wajukuu zake na karatasi ya shamba aliyoachiwa na marehemu mumewe vilikwenda na maji. Nilipomtembelea kule walikohifadhiwa, nikampa pole. Akaniangalia, akasema: "Mwalimu, siku ile nilikuwa nyuma ya pazia, nilisikia. Yule mtoto alipotaka kusema, wewe ulikuwa unajua nini hata ukamnyamazisha?"

Sikuwa na jibu. Mimi niliyesoma chuo kikuu, ninayesomesha watoto nguzo za imani, ikiwemo kuamini kadari, nilikuwa nimeigeuza nguzo hiyo kuwa kisingizio cha uvivu.

KADARI HAIJAFUTA WAJIBU

Waislamu tunaamini kuwa hakuna linalotokea ila kwa kadari ya Allah. Katika hili hatuna shaka. Lakini hivi ni nani aliyetufundisha kuwa kuamini kadari ni kukaa na kutazama?

Nabii Nuhu (a.s.) aliahidiwa na Mola wake kuokolewa. Pamoja na ahadi hiyo aliamrishwa kuunda jahazi, akaliunda kwa mikono yake huku wakubwa wa watu wake wakimpita na kumcheka, kama tunavyosoma katika Suratu Hud. Na humo humo tunasoma habari ya mwanawe, aliyeonywa na baba yake, akaona mlima utamtosha. Maji yakampitia. Onyo alilisikia kwa masikio yake, akalidharau.

Nabii Yusuf (a.s.) alipofasiri ndoto ya mfalme wa Misri hakuishia kusema kuwa njaa ni kazi ya Mungu. Alitoa mpango: walime miaka saba, nafaka waiache katika masuke yake isipokuwa kidogo cha kula, ili iwafae katika miaka saba ya shida. Huo ni utabiri, na ni maandalizi, na umo ndani ya Qur'an.

Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari kuwa kuna tauni, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akamweleza kuwa wanaikimbia kadari ya Allah kuielekea kadari ya Allah. Kisha Abdulrahman bin Auf (r.a.) akaja na hadithi ya Mtume (s.a.w.) iliyoafiki uamuzi huo. Je, mimi na wazee wangu wa safu ya mbele tulikuwa na imani kuliko Umar?

Tena Mtume (s.a.w.) hakuliacha hili kwa watawala tu. Aliingia hadi ndani ya nyumba zetu: alituamrisha kuzima taa kabla ya kulala, kufunika vyombo na kufunga milango. Na siku ya mvua kubwa Ibn Abbas (r.a.) alimwagiza muadhini awatangazie watu waswali majumbani mwao, akabainisha kuwa hayo yalifanywa na aliye bora kuliko yeye. Basi adhana yenyewe iliwahi kubeba tahadhari ya hali ya hewa! Na mimi nikasema msikiti si kituo cha redio.

MTO WETU TUNAUJUA

Mto Rufiji unakusanya maji ya mbali. Ruaha Mkuu unatoka nyanda za Mbeya na Iringa, Kilombero unapita Morogoro, Luwegu unatoka kusini. Ndiyo maana mafuriko yanaweza kutukuta huku jua linawaka kijijini. Anayetazama mawingu ya juu ya paa lake tu, huyo hajaujua mto.

Wazee wetu waliujua. Walijenga madungu juu ya nguzo, wakalima mlau maji yalipopungua, wakavua samaki mabwawani. Mafuriko kwao yalikuwa neema yenye hatari ndani yake, na kila kimoja walikipa haki yake. Mvua hatuilaani. Mtume (s.a.w.) alipoombwa na mtu aliyeingia msikitini Ijumaa awaombee mvua, aliomba. Ijumaa iliyofuata, watu walipolalamikia wingi wa maji, aliomba mvua iwe pembezoni mwao isiwe juu yao.

Wapo watakaosema: "Ustadh, unatulaumu sisi, na maji ya bwawani je?" Mwaka 2024 mjadala huo ulikuwa mkubwa, wengi wakilielekezea kidole bwawa la Julius Nyerere. Mjadala huo una mahali pake. Wenye mamlaka wanapofungulia maji ni wajibu wao kuwaarifu walioko chini mapema, na kwa lugha inayoeleweka. Watakuja kuulizwa juu ya amana hiyo. Lakini swali lao halifuti swali letu. Kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga.

Na wapo wanaowaambia waliofikwa kuwa wamelaaniwa. Tuogope kusema hayo. Tumefundishwa kuwa Muislamu anayekufa maji huandikiwa daraja ya shahidi. Msimu ule Serikali iliarifu Bunge kuwa watu 155 wamefariki na zaidi ya 200,000 wameathirika nchini kote. Nani ametupa sisi kazi ya kuwahukumu?

TUANZIE NYUMBANI

Kwanza, familia ikae kikao kabla ya masika. Tukubaliane tutakimbilia mwinuko gani, kwa njia ipi, na nani atambeba nani. Bibi asiyeona, mgonjwa na mtoto mchanga wawe na mtu wao anayejulikana kwa jina. Usiku wa maji si wakati wa kugawana kazi.

Pili, karatasi. Vyeti vya kuzaliwa na vya shule, kadi za kliniki, vitambulisho na karatasi za shamba viwekwe katika mfuko wa nailoni usiopitisha maji, ndani ya ndoo yenye mfuniko. Humo uwekwe na wasia wako. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza Muislamu mwenye cha kuusia asilale siku mbili bila wasia wake kuandikwa, nasi tunangoja uzee.

Tatu, chakula na mbegu. Usiweke mavuno yote chumba kimoja. Sehemu ipeleke kwa ndugu aliyeko mwinukoni, hasa mbegu. Aliyepoteza chakula atasaidiwa na watu wiki ile, lakini aliyepoteza mbegu amepoteza na mwaka unaofuata.

Nne, maji na taarifa. Mafuriko huacha visima na vyoo vimechanganyika, na kipindupindu hufuata nyuma. Weka dumu la maji safi, na maji ya kunywa yachemshe au yatie dawa. Weka tochi, kiberiti mahali pakavu, redio ndogo, na simu isikose chaji. Ukisikia angalizo au tahadhari, usiseme "hawa nao kila siku". Jahazi la Nuhu liliundwa nchi kavu.

Tano, usivuke maji yaendayo kasi kwa kuyaona mafupi. Yakifika magotini tu yanamwangusha mtu mzima, na katika bonde letu yanakuja na mamba na viboko. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Mfundishe hata mtoto.

MSIKITI UNA KAZI

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati za maafa hadi kijijini. Maimamu tusingoje kualikwa. Tuna kipaza sauti kinachosikika kijiji kizima. Tuna safu tano kila siku, tunajua nani hakuonekana alfajiri. Tuandike orodha ya wajane, wazee na walemavu, na wenye mitumbwi watakaowafuata. Sadaka ya maafa ikusanywe kabla ya maafa. Na orodha hiyo isimruke jirani kwa kuwa si Muislamu, maana haki ya jirani haichagui dini.

Nami nilirudi kwa yule kijana. Nilimkuta anashona nyavu, nikamwomba radhi mbele ya wazee wale wale. Akasema: "Yameisha, Ustadh." Lakini mimi najua kwa bibi yule hayajaisha. Hadi leo anahangaika kuthibitisha mipaka ya shamba lake.

Kabla ya masika yaliyofuata, kijana alipewa dakika zake mbili baada ya swala ya Ijumaa. Alitumia kama kumi, na hakuna aliyemkatiza. Kutoka nyuma ya pazia nilisikia sauti ya bibi ikiuliza, "Hiyo mifuko ya nailoni inapatikana wapi?"

Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Allah. Tufunge, ndugu zangu, kisha tuinue mikono. Allah azijaalie mvua zetu ziwe za rehema na zisiwe za adhabu, awarehemu waliotangulia, na atusamehe sisi tuliowanyamazisha waonyaji.

Wabillahi tawfiq.