Taa ya Kuonea, Taa ya Kuonekana

Thurea ya msikiti wetu ilikuja kwa meli kutoka Maskati, masanduku matatu, kila kipande cha kioo kimeviringishwa peke yake katika karatasi. Aliyeituma ni mtoto wa mtaa wetu, aliyesoma chuo cha Kurani katika msikiti huo huo kabla hajavuka bahari. Pamoja nayo alituma pesa za tyubu za LED kumi na sita. Fundi umeme aliyepewa kazi ni mimi, na kwa yaliyofuata sina wa kumlaumu ila nafsi yangu.

Msikiti wenyewe ni mdogo, miongoni mwa ile ya vichochoro vya Mji Mkongwe ambayo mgeni huipita asijue kama ni msikiti. Safu tano, nguzo nne, dari ya boriti, kuta nene za mawe na chokaa. Tyubu nilizipanga dari nzima, thurea nikaitundika katikati. Kamati ikaniomba niuzungushie mihrabu utepe wa taa za kijani, na pembeni yake niweke ile saa ya tarakimu nyekundu inayohesabu sekunde mpaka ikama. Usiku wa kwanza watu walipiga takbira. Nilipima kwa programu ya simu, nikapata luksi 400 na ushei juu ya zulia, nikarudi nyumbani kifua mbele.

Wiki mbili baadaye nikaona kwamba mzee mmoja wa kamati, ambaye tangu utoto wangu sijapata kumwona ila safu ya mwanzo, amehamia nyuma ya nguzo. Baada ya Isha nikamwendea.

"Shikamoo, mzee. Mbona siku hizi huku?"

"Marahaba, mwanangu. Taa zako zinanipiga."

Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nami nilikuwa nimeamini kwamba mwenye macho mabovu ndiye wa kuongezewa taa. Nilikuwa sahihi nusu tu. Jicho lenye ukungu linataka mwanga zaidi juu ya kile linachokitazama, lakini mwanga unaoliingia lenyewe moja kwa moja linauogopa, kwa sababu ukungu ule huutawanya, kama kioo cha gari chenye vumbi kinavyotawanya taa za gari linalokuja mbele. Mzee alikuwa haoni msahafu kwa sababu ya taa nilizomfungia auone msahafu.

Kiswahili kilikuwa na jibu kabla yangu. Kuna taa ya kuonea, na kuna taa ya kuonekana. Ya kwanza unaisahau. Ya pili inakuita uitazame yenyewe. Nilichokuwa nimekifunga ni kumi na sita za aina ya pili, na thurea juu yake.

Toka hapo limenikaa swali ambalo si la nyaya peke yake: msikiti tunauwashia taa kwa ajili ya nani? Mwenyezi Mungu hahitaji tyubu. Imepokewa kwamba wa kwanza kuweka taa msikitini ni Tamim ad-Dari, basi kabla yake ziko sala zilizosaliwa bila taa. Bi Aisha amesimulia jinsi alivyokuwa akilala mbele ya Mtume anaposali usiku, naye anapotaka kusujudu humgusa ili akunje miguu, kwa kuwa siku zile nyumba hazikuwa na taa. Wenye elimu hutoa hukumu nyingi katika Hadithi hiyo. Mimi huishia kwenye kile chumba chenye kiza na mkono unaopapasa mguu, nikijiuliza sala ile ilipungukiwa nini.

Taa basi ni ya watu. Lakini ni ya yule anayesali, au ya yule anayepita nje aseme msikiti wao umependeza?

Nisieleweke kwamba nasifu kiza. Tarehe 10 Disemba 2009 njia ya umeme inayotujia kutoka bara chini ya bahari iliharibika, na Unguja ikakaa miezi mitatu gizani, hadi Machi 2010. Aliyeyapitia hana hamu nayo: pampu za maji zimesimama, samaki wanaoza, wanawake wanahangaika na ndoo, majenereta yananguruma vichochoroni. Mimi nilikula vizuri siku zile, maana hayo majenereta nilikuwa nayafunga mimi. Msikiti wetu haukuwa nalo. Alfajiri iliwashwa kandili moja karibu na mihrabu na nyingine mlangoni, basi. Jicho hutaka kama nusu saa kuzoea kiza barabara, na sisi tulifika limekwisha kuzoea, kwa sababu njia nzima ilikuwa kiza. Ndani uliliona umbo la jirani yako usione nguo yake. Hakuna aliyejua nani kavaa kanzu mpya. Imamu akivuta pumzi kabla ya aya, safu ya mwisho ilisikia. Umeme uliporudi nilishangilia kama wenzangu, na sikuwahi kumwambia mtu kwamba zile alfajiri nazikumbuka.

(Wazee wetu hawakuuamini mwanga moja kwa moja. Mwanga ni nuru, na mwanga ni mchawi vile vile, anayewanga usiku. Wataalamu wa lugha watasema ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti. Mimi hupenda kuyaacha yakae pamoja.)

Kusini mwa kisiwa chetu, Kizimkazi Dimbani, kuna msikiti ambao ukuta wake wa mihrabu una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Mwaka huo Imamu al-Ghazali alikuwa bado hai, alifariki 505. Huyu ndiye aliyeandika Mishkat al-Anwar, kitabu juu ya aya ya 35 ya Sura An-Nur, ile inayopiga mfano wa kishubaka, taa, kioo na mafuta ya mzeituni. Fundi akiisikiliza aya ile huona kwamba kishubaka kimetajwa kabla ya taa. Na Ghazali ana jambo moja ambalo sijapata kulisikia kwa muuzaji taa yeyote: kwamba nuru hufichika kwa kule kudhihiri kwake kulikozidi. Mtu hutazama majani mabichi mchana akadai haoni ila kijani. Jua likizama ndipo anapogundua kwamba pamoja na rangi kulikuwa na kitu kingine.

Kishubaka hicho kikanirudisha msikitini kwetu na patasi. Katika kuta za ubavuni plasta ya saruji ilikuwa ikitoa sauti ya uwazi mahali fulani fulani, nikaibandua. Vishubaka vinane, vinne kila upande, vimezibwa sijui na mjenzi gani wa zamani. Vilikuwa na upinde juu, chokaa ndani, na kwenye paa la kila kimoja doa jeusi la masizi. Nikasimama pale mbele ya ushahidi wa ujinga wangu. Taa iliyowekwa ndani ya shimo lile hupiga chokaa kwanza, kisha chokaa ndiyo inayoangaza chumba. Na kwa kuwa viko ubavuni, anayeelekea kibla haoni moto, anaona alichoangaziwa tu.

Nilizishusha tyubu zote. Boksi lake limeandikwa kelvini 6500, weupe wa mchana wenye mawingu, nasi tulikuwa tukiuwasha saa mbili usiku. Ndani ya vishubaka nikaficha taa ndogo za 2700, rangi ya balbu za zamani, na nyingine nikazilaza juu ya ukingo wa ukuta zitazame boriti. Zulia sasa linapata luksi 90 hivi. Mbele, wanapokaa wasomaji, nikatundika taa mbili zenye kofia, zinazomwaga mwanga juu ya msahafu usimguse mtu usoni. Kamati iligawanyika. Mmoja alisema nimeurudisha msikiti enzi za koroboi.

Mpwa wangu, anayesomea usanifu majengo, alinionyesha kwenye simu picha za msikiti wa Bait ur Rouf ulioko Dhaka, kazi ya Marina Tabassum, uliokamilika 2012 na kupata tuzo ya Aga Khan 2016. Kuta za matofali, hakuna kuba wala mnara. Paa limetobolewa matundu ya duara, mwanga unadondoka sakafuni kama sarafu, na upande wa kibla umekatwa mwanya mrefu unaoingiza mchana.

"Umeona, mjomba? Pale mwanga ndio mapambo yenyewe."

"Nimeona. Na Isha wanasali kwa mwanga gani?"

Akacheka. Wasanifu wengi hupiga picha zao kabla ya Magharibi.

Aliyenishinda kwa hoja ni yule wa Maskati. Alikuja likizo akaikuta thurea yake imezimwa. Hakugomba. Alikaa pembeni ya mihrabu, akavua miwani mizito, akaniambia kwamba pale pale alipokaa alijifunza alifu kwa koroboi, moshi puani, herufi zikicheza, na aliapa kuwa Mungu akimjaalia, watoto wa mtaa ule hawatasoma hivyo. Kile kiza kilichokuwa kwangu kumbukumbu, yeye alikilipia kwa macho. Nilimwonyesha zile taa mbili zenye kofia. Akaziangalia, akasema ni nzuri, lakini uso wake haukufurahi, wala sikuona haki ya kumtaka afurahi. Mtu huvuka bahari, akaokota nyota za kilimia huko, maana thurea ni jina la nyota hizo hizo kwa Kiarabu, akazileta nyumbani, halafu fundi anamwambia zinaumiza macho.

Tukasikilizana: thurea ina swichi yake, inawashwa usiku wa Ramadhani na siku za Idi.

Siku tatu kabla ya Ramadhani iliyopita nilipanda ngazi kuifuta. Vikombe vyake vilijaa mbawa za kumbikumbi. Chini alikuwepo mzee, ameishika ngazi. Jicho moja amekwisha kupasuliwa, na safu ya mwanzo amerudi.

"Ngapi zimeungua?" akauliza.

"Nne, mzee."

"Ziache hizo."