Deni la Kampuni ni la Nani?

Jioni moja mjukuu wangu alikuja nyumbani kwangu hapa Magoma akiwa na wenzake wawili. Walikuwa wamekubaliana kununua mahindi ya wakulima wa bonde hili la Lwengera, kuyakoboa na kuyasaga, kisha kupeleka unga Korogwe na Tanga. Mtaji walikuwa nao, mashine walikwisha kuiona, hata jina walikuwa wamelichagua. Lililobaki ni swali moja. "Babu," aliniuliza, "tuandikishe jina la biashara tu, au tufungue kampuni?" Walidhani kwamba mtu aliyeongoza shule kwa miaka mingi lazima azijue fomu zote za serikali.

Fomu si jambo gumu. Siku hizi BRELA wanazipokea kwa mtandao, na vijana hawa wanaijua simu kuliko mimi. Lakini swali lenyewe lilininyima usingizi usiku ule, kwa sababu nitakayoieleza baadaye.

Hebu kwanza tuelewane, ndugu msomaji. Ukiandikisha jina la biashara umepata jina, hujapata mtu mpya. Mbele ya sheria mwenye duka na duka lake ni kitu kimoja: duka likidaiwa, baiskeli yake na shamba lake navyo vimo hatarini. Ubia nao ni hivyo hivyo, tena una uzito zaidi, kwani kila mbia anaweza kudaiwa deni lote, si fungu lake peke yake. Mwenzako akitoroka, mdai ana haki ya kubisha hodi kwako akadai hadi senti ya mwisho. Kampuni ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni mtu aliyezaliwa na sheria. Ina jina lake na mali yake, inashtaki na kushtakiwa, na wenye hisa wakishazilipia hisa zao hawadaiwi zaidi ya hapo.

Niliwatajia pia ushirika, wakacheka. Siwalaumu. Sisi wa rika langu tulilelewa na habari za KNCU ya Kilimanjaro iliyoanzishwa mwaka 1933, kisha tukaona serikali ikivivunja vyama vikuu mwaka 1976, na sheria ikavirudisha mwaka 1982 vikiwa vimedhoofika. Vijana wanalikumbuka lile anguko tu. Lakini katika ushirika kila mwanachama ana kura moja, awe na gunia mia au gunia mbili. Niliwaambia, "Sawa, ukataeni, ila mjue mnachokikataa: hamtaki muuza mahindi awe na kauli katika mashine yenu." Walinyamaza. Mmoja alisema kwa adabu kwamba wao ndio waliotoa fedha. Ni kweli.

Sasa kampuni. Kuna kesi moja ya zamani, ya London, ambayo wanasheria wetu nao huisoma. Aron Salomon alikuwa mtengenezaji wa viatu. Aliigeuza biashara yake kuwa kampuni yenye wanahisa saba: yeye, mkewe na watoto wao watano. Kati ya hisa 20,007 yeye alikuwa na 20,001, na wale sita walikuwa na hisa moja moja. Kampuni ilipofilisika, wadai walisema: kampuni hii ni Salomon mwenyewe amevaa koti jingine, basi na alipe. Mwaka 1897 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilikataa. Kampuni ni mtu mbali, na Salomon ni mtu mbali. Msingi huo ndio uliokuja kwetu pamoja na sheria za Kiingereza, na upo hadi leo.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilikasirika, nikaona ni ujanja wa matajiri. Sasa nimepunguza hasira. Bila kinga hiyo ni nani angethubutu kuweka akiba yake katika reli au meli, ajuaye kwamba meli ikizama na nyumba yake imezama? Isitoshe, sheria haikuficha kitu. Iliamuru kampuni ya namna hiyo ibebe alama katika jina lake. Watu huziandika zile herufi tatu, Ltd, kwa rangi nyekundu juu ya mlango kama mtu anayejivunia shahada. Kumbe si sifa, ni onyo. Zinasema: ewe unayetukopesha, angalia, dhima yetu ina mwisho.

Onyo, lakini kwa nani? Benki inalisoma. Meneja wa benki hawezi kuikopesha kampuni changa ya vijana watatu bila kuwaambia wakurugenzi waweke dhamana kwa majina yao wenyewe, na hati ya nyumba ya mzazi juu yake. Kwa hiyo benki imeruka ukuta. Anayebaki nje ni mama aliyeshusha magunia sita akaambiwa aje achukue fedha baada ya gulio lijalo. Yeye hana fomu ya dhamana. Amemkopesha mtoto wa fulani, ambaye anajua anakokaa, hakukopesha herufi.

Hapo ndipo ninaponaswa. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilipolegeza masharti juu ya watumishi kufanya biashara, mimi na mwalimu mwenzangu tulinunua mashine ya kusaga. Hatukuandika mkataba, tulikuwa marafiki. Tulinunua mahindi, mengine kwa mkopo. Mashine iliharibika, fedha zikaliwa na vipuri, na mwenzangu akahamishwa mkoa wa mbali. Mjane mmoja alikuwa akitudai magunia kumi na mawili. Niliuza ng'ombe, nikampelekea fedha za magunia sita, nikamwambia, "Mama, hii ni nusu yangu. Nusu ile iko kwa mwenzangu." Alinishukuru. Nilirudi nyumbani nikijiona mwaminifu.

Sikuijua sheria ya ubia wakati huo. Lakini je, ningeijua? Yule mama hakuwa na nauli ya kumfuata mtu mikoani, na hakuwa amekopesha nusu mbili. Alitukopesha sisi. Miaka ilipita, akafariki, nikaenda kuzika. Mnajua mazoea yetu: kabla ya kuondoka makaburini husimama mtu wa ukoo akatangaza kwamba anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, aonane na wafiwa. Nilikuwa nimesimama safu ya pili. Nilijiambia kwamba mimi nimekwisha lipa langu. Kampuni haina makaburi, haitangaziwi na mtu. Mimi nilitangaziwa, na nikajifanya kampuni bila hata kuandikishwa.

Vijana walipokuja mara ya pili niliwasimulia hayo yote. Niliwashauri wafungue kampuni, maana sitaki mjukuu wangu alale na deni la watu watatu kichwani. Niliwaomba jambo moja tu: mahindi ya mkulima yalipwe mizani inaposhuka, na siku wakilazimika kukopa kwake, wamweleze kwa Kiswahili kitupu kwamba kampuni ikifa, deni lake linaweza kufa nayo, kisha wamwache aamue mwenyewe. Mmoja wao alisema, "Babu, tukimwambia hivyo hatatukopesha." Nikamjibu kwamba hata mimi nadhani hivyo.

Mjukuu wangu alibaki baada ya wenzake kuondoka. Aliuliza yale magunia sita mengine yaliishia wapi. Sikuwa na jibu la kumpa mtoto. Baada ya mavuno nilikodi pikipiki ya magurudumu matatu, nikayapeleka kwa binti wa marehemu, ambaye sasa naye ni bibi. Sikupeleka fedha, kwa kuwa sikujua nihesabu kwa bei ya mwaka gani. Nilipomweleza, aliyatazama magunia kwa muda mrefu, kisha akauliza kama yule mwalimu mwingine bado yu hai.