Nilimtoa Kwenye Grupu



Mwaka jana nilikuwa admini wa grupu la WhatsApp la vijana wa kigango chetu. Usiku mmoja dada mmoja akaandika: "Jamani, ile michango ya hija ilibaki shilingi ngapi? Mbona hatujasomewa mapato na matumizi?" Mweka hazina akanipigia simu, amekasirika kweli. Nikaifuta ile meseji. Dada alipoiandika tena, nikamtoa, kisha nikaweka: "Tudumishe amani na upendo." Watu wakajibu Amina.

Ile Amina bado inanisumbua.

Grupu linahitaji sheria, hilo sibishi. Wiki ileile nilikuwa nimefuta picha ya binti mmoja iliyorushwa bila ridhaa yake, na sijutii hata kidogo. Katekisimu, namba 2477, inataja makosa matatu dhidi ya jina la mtu: kumhukumu bila msingi, kutangaza kasoro zake kwa wasiozijua bila sababu ya haki, na kumsingizia. Angalia hilo la pili. Kumbe hata jambo la kweli unaweza kukosea kwa kulisambaza! Sisi tumezoea kujitetea, "si nimesema ukweli?"

Lakini yule dada sababu alikuwa nayo. Pesa ni ya wote, na yeye alichanga. Hakumwita mtu mwizi, aliuliza tu. Sheria ya Kanisa yenyewe, kanuni ya 212, inawapa waamini haki, na mara nyingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji wao na waamini wenzao maoni yao juu ya mema ya Kanisa, kwa heshima. Sasa kama naweza kumweleza askofu, mweka hazina wa vijana ni nani asiulizwe?

Nilijificha kwenye Mathayo 18: angemfuata pembeni kwanza. Baadaye nikaisoma ile sura taratibu, nikaona aibu. Yesu anasema umwendee ndugu yako mkiwa wawili, asiposikia uchukue mmoja au wawili, asiposikia ndipo Kanisa lielezwe. Kumhesabu kama mtoza ushuru kunakuja mwisho kabisa (na Mathayo mwenyewe alikuwa mtoza ushuru!). Mimi nilianzia hapo mwisho. Sikumtumia hata meseji moja pembeni kumuuliza, "Dada, kuna nini?"

Hesabu zilisomwa wiki tatu baadaye. Zilikuwa sawa kabisa, kila risiti ipo. Yaani nilimfunga mtu mdomo kulinda kitu ambacho hakikuwa na hatari yoyote.

Nilimsubiri nje baada ya Misa ya pili, nikamwomba msamaha. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Nimekusamehe, kaka. Ila kwenye grupu sirudi."

Nimeongeza mstari kwenye maelezo ya grupu: maswali ya fedha hayafutwi, na hakuna anayetolewa kabla ya kuongeleshwa. Yeye hajausoma, maana hayumo.