Sitaki Kusumbua Watu

Kazi iliyopimwa kwa watu wanne, mtu mmoja akiimaliza peke yake, je, hiyo ni sifa au ni kiburi? Hapa Nakuru, jioni nikishamaliza shughuli za siku, mimi hufungua The Elder Scrolls Online, mchezo uliotoka 2014. Ndani yake kuna mapango ya kikundi. Wanaingia watu wanne: mmoja anavuta mapigo ya adui yaje kwake, mmoja anawatibu wenzake, wawili wanashambulia. Mimi huingia peke yangu.

Katika michezo mingi ya zamani, pango likikushinda ulienda zako, ukapanda viwango kumi, ukarudi kulifagia kama sebule. Huku njia hiyo haipo. Tangu mabadiliko ya Oktoba 2016, yaliyoitwa One Tamriel, mchezo husawazisha viwango ili mgeni na mkongwe waweze kusafiri pamoja. Huwezi kulizidi pango kwa umri tu. Kinachobaki ni silaha ulizochagua, wepesi wa mkono wako, na subira. Jitu ambalo kikundi kinaliangusha kwa dakika mbili, mimi hulichonga polepole kama fundi wa mawe: najikinga, najitibu, napiga kidogo, najikinga tena.

Faida yake ipo. Ukifanya kazi za watu wanne unajua kila mmoja hubeba nini, na hutamdharau tena yule anayetibu wengine bila kuua hata panya. Lakini wakiniuliza kwa nini sitafuti kikundi, jibu langu ni lingine. Stima yetu ni ya kubahatisha na intaneti ni ya bando. Pambano likiwa limepamba moto, giza linaingia, na watu watatu wasionijua huko Ulaya wanabaki na mwenzao aliyesimama kama mti, kisha hayupo. Kwa hivyo nasema: sitaki kusumbua watu.

Maneno hayo hayakuzaliwa kwenye kompyuta. Utayasikia Section 58, utayasikia Free Area, utayasikia Njoro hadi Molo. Mtu amelazwa siku ya tano na chama chake hakijui. Kijana ana kodi ya miezi miwili, ukimsalimia anakwambia, "Niko poa, bana." Na watu hao hao, harambee ya mwingine ikitangazwa, ndio wa kwanza kutuma M-Pesa.

Tunaiita hiyo adabu, na kwa sehemu ni adabu kweli. Ila itazame vizuri. Anayetoa kila siku na kukataa kupokea amejiwekea kiti cha juu. Wengine wana deni kwake, yeye hana deni kwa mtu. Huo ni upweke uliovaa nguo za ukarimu.

Tena upweke wenyewe si kamili. Tarehe 12 Oktoba 2019 kule Vienna, Eliud Kipchoge alimaliza mbio za marathoni kwa 1:59:40, na tunasema kwa fahari kwamba alifanya peke yake lisilowezekana. Mbele na nyuma yake walipokezana wakimbiaji 41 wakimkinga upepo. Muda huo haukuandikwa kama rekodi rasmi, lakini hakuna anayesema miguu haikuwa yake. Hata mimi, hilo pango "langu" nimelishinda kwa mbinu zilizoandikwa na wachezaji nisiowajua, waliokufa humo mara mia ili nife mara kumi.

Halafu yapo mapambano ambayo adui anakushika, na aliyekamatwa hawezi kujifungua. Lazima mwenzako aje kumpiga adui huyo. Hapo ustadi wako wote hauna kazi, na si kwamba wewe ni dhaifu. Pango limejengwa hivyo. Maisha nayo yana vyumba vya namna hiyo. Bado sijamwona mtu akibeba jeneza lake mwenyewe.

Kwa hivyo sioni ubaya wa kuingia peke yako mahali pa kujipima. Ubaya ni kuwaamulia wengine kwamba wewe ni mzigo, kabla hujawauliza. Adabu kamili ingekuwa kuwaambia wale watatu mapema, "Stima yangu si ya kuaminika, mtanichukua?" na kuwaachia wao wajibu. Wengine watakataa. Wengine watasema twende.

Kipimo ninachokitumia ni hiki: rafiki yangu angenificha jambo hili, ningeumia? Kama ningeumia, basi kimya changu si heshima. Namnyima nafasi ambayo mimi mwenyewe ningeitaka.

Mapangoni nitaendelea kuingia peke yangu. Kodi ikinishinda, nitapiga simu.