Kuamini na Kukagua

Katika Kiswahili maneno kuamini, imani, amana na uaminifu yana shina moja, na amani imo katika ukoo huo huo. Yalitujia kutoka Kiarabu, lakini yamekaa kwetu muda mrefu hata yamekuwa wenyeji. Undugu wao si wa sauti tu. Mtu humwamini mwenziwe. Kwa kuwa amemwamini, humwekea amana. Apokeaye amana akaitunza huitwa mwaminifu. Na mahali ambapo amana zatunzwa, watu hukaa kwa amani. Huu ni utaratibu mwema wa maisha, walakini ndani yake hakuna mahali palipotajwa kukagua. Hapo ndipo lilipo swali la insha hii: je, mtu anayeikagua kazi ya mwenziwe amemnyima imani? Na yule anayekaguliwa, amevunjiwa heshima?

Wako wasemao ndiyo. Kwao, kuhesabu fedha mbele ya aliyezileta ni kumwambia usoni kwamba huenda ni mwizi. Wako wengine wasemao kwamba dunia imeharibika, na mwenye akili hamwamini mtu. Rai ya kwanza ina adabu bila hadhari. Ya pili ina hadhari bila adabu. Naona iko rai ya tatu iliyo bora kuliko hizi mbili, na mfano wake nautwaa katika kazi moja ya zama zetu, ambayo wengi wetu hula matunda yake bila kuijua: kazi ya kujenga mafurushi ya programu huria kutoka katika asili yake.

Mtunzi wa programu huandika maagizo yake katika lugha maalumu ambayo mtu aliyejifunza aweza kuisoma. Maandishi hayo ndiyo asili. Kisha programu nyingine, iitwayo kompaila, huyafasiri yakawa mfuatano wa tarakimu ambao mashine huutii, na ambao binadamu hausomi ila kwa taabu kubwa. Programu huria ni ile ambayo asili yake hutolewa kwa watu wote, pamoja na ruhusa ya kuisoma, kuibadili na kuigawa. Mfumo endeshi wa Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwezi wa Agosti 1993, umejengwa kwa programu za namna hiyo. Na mwaka 1997 wajenzi wake walitangaza Mkataba wa Jamii, ambamo waliahidi kwamba mfumo wao utabaki huru, na kwamba hawatawaficha watu kasoro zake.

Ahadi hiyo ni njema, lakini yafaa itazamwe kwa makini. Mfano wake ni msagaji anayetoa gunia la unga lililoshonwa, na kando yake sahani ya mtama, akisema: unga huu umetokana na mtama huu. Mtama twauona, na tukitaka twaweza kuuchambua punje kwa punje. Lakini tutakachokula ni unga. Nani ajuaye kwamba kinuni hakikuingia kitu kingine?

Tutazame kwanza namna unga huo unavyosagwa. Mjenzi huitwaa asili kama ilivyotolewa na mtunzi, akaiongezea folda iitwayo debian. Humo mna faili ya control, inayotaja jina la furushi na vitu vyote vinavyohitajiwa ili lijengwe na ili litumike. Mna rules, inayoeleza namna ya kulijenga. Mna changelog, daftari ya mabadiliko, kila badiliko na tarehe yake na jina la aliyelifanya. Na mna copyright, inayotaja haki za watunzi. Ujenzi hufanywa katika chumba kitupu, yaani mfumo mdogo ulioundwa upya kwa kazi hiyo, usio na kitu ila zana za msingi na vile vilivyotajwa katika control. Sababu yake ni hii: mjenzi akijenga katika mashine yake ya kila siku, furushi laweza kufaulu kwa msaada wa kitu alichokisahau pembeni, kisha likawashinda watu wengine wote. Chumba kitupu humlazimisha kusema kila anachokitegemea. Mwisho hupatikana faili moja ya aina ya deb, ambayo mtumiaji huisakinisha kwa amri moja.

Zamani mjenzi aliweza kusaga kwake nyumbani, akaleta unga uliokwisha kuwa tayari. Mwaka 2019 Debian iliamua kwamba mafurushi yaliyojengwa hivyo yasiingie tena katika toleo lililokuwa likifuata: mjenzi alete asili, na mashine za mradi zijenge. Ilikuwa hatua njema, lakini swali halikufa. Lilihama tu kutoka kwa mjenzi likaenda kwa mashine. Tulikuwa tukimwamini mtu tusiyemjua. Sasa twaamini kinu tusichokiona.

Jibu lilikuwa limekwisha kutafutwa tangu mwaka 2013, wajenzi kadhaa wa Debian walipoanza juhudi ya ujenzi unaorudiwa. Kusudi lake ni hili: asili ile ile, ikijengwa na watu wawili wasiojuana, katika mahali pawili mbalimbali, kwa zana zile zile, itoe furushi lile lile, baiti kwa baiti. Msomaji atadhani kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote. Hasha. Ujenzi huacha alama nyingi zisizotakiwa: saa uliyofanyika, jina la folda ulimofanyika, utaratibu ambao diski iliyatoa mafaili, hata lugha ya mashine. Alama hizo hazimdhuru mtu, lakini zatosha kuyafanya mafurushi mawili ya halali yasifanane. Na yasipofanana, tofauti ya halali na tofauti ya hila haziwezi kutambulikana. Wajenzi walizifuatilia alama hizo furushi kwa furushi, kwa miaka mingi. Kwa mfano, walikubaliana kwamba saa itakayoandikwa ndani ya furushi iwe ya ingizo la mwisho katika daftari ya mabadiliko, wala si ya siku ya ujenzi.

Yafaa tuitafakari maana ya kazi hii. Fundi kwa kawaida hujivunia alama ya mkono wake. Hapa fundi anaifuta alama hiyo kwa hiari, ili mgeni asiyemjua aweze kuirudia kazi yake na kufika pale pale alipofika yeye. Hasemi, "Niaminini, mimi ni mtu mwema." Asema, "Asili ni hii, njia ni hii. Fanyeni wenyewe, mwone." Kwa maneno hayo amejitolea kukaguliwa kabla hajaulizwa.

Je, amejidhalilisha? Wahenga wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema kwamba mali hiyo huibiwa. Walisema hupotea bila habari, na katika neno hili imo hekima kubwa. Mali ikipotea pasipo daftari, mwizi na mwaminifu hushukiwa sawasawa, na mwaminifu hana ushahidi wa kujitetea. Daftari ndiyo ngao yake. Mjenzi ambaye kazi yake yaweza kurudiwa amepata ngao hiyo, na zaidi ya hayo amepata usalama wa namna nyingine: mtu mwovu hafaidiki sana kwa kumtisha au kumhonga ili atie sumu kinuni, maana wengine wakisaga mtama ule ule sumu itajulikana. Basi kukagua hakumvunjii mwaminifu heshima. Kunamwondolea mzigo wa kuaminiwa kupita kiasi, mzigo ambao hakuna binadamu aliyeumbwa na mabega ya kuubeba.

Hata hivyo, shaka haina adabu ya kujua pa kusimama. Ken Thompson, mmoja wa waliounda mfumo wa Unix, alilionyesha jambo hili katika hotuba yake ya Tuzo ya Turing iliyochapishwa mwaka 1984. Alieleza namna kompaila inavyoweza kufundishwa hila: kila inapofasiri programu ya kuingilia katika mfumo, iongeze mlango wa siri, na kila inapofasiri asili yake yenyewe, iipandikize hila hiyo katika kompaila mpya. Kisha maneno ya hila hufutwa katika asili. Asili husomeka safi kabisa, na hila huendelea kurithishwa. Mtama ni mzuri, msagaji ni mwema, na sumu imo katika jiwe la kinu.

Wako walioikabili hofu hiyo kwa kazi. David A. Wheeler alieleza njia ya kuipima kompaila kwa kutumia kompaila nyingine yenye asili mbali, kisha kulinganisha matokeo. Na mwaka 2023 wajenzi wa mfumo wa Guix walitangaza kwamba wameweza kuujenga mnyororo wa zana zao kuanzia mbegu ya baiti 357 tu, mbegu ambayo mtu mwenye subira aweza kuikagua baiti moja moja. Chini ya mbegu hiyo bado iko mashine, na chini ya mashine wako walioiunda. Shaka haikwisha, imepunguzwa mpaka ikawa na kipimo. Nadhani hayo ndiyo mengi ambayo binadamu aweza kuyadai katika jambo lolote la imani.

Hapo mtu angeweza kufunga mjadala na kusema kwamba ufundi umeishinda hila. Mwaka 2024 ulitufundisha vingine. Iko programu ndogo ya kubana data iitwayo xz, inayotumiwa katika mifumo mingi sana. Aliyeitunza miaka mingi alikuwa mtu mmoja, kwa hiari, bila ujira. Mwaka 2021 alitokea mtu aliyejiita Jia Tan, akaanza kusaidia. Alifanya kazi ya kweli kwa muda mrefu, na huku majina mengine yasiyojulikana yakimsukuma mtunzaji kwa lawama kwamba anachelewa na kwamba awape wengine nafasi. Hatimaye mgeni akapewa mamlaka ya kutoa matoleo. Katika matoleo ya Februari na Machi 2024 mlikuwa na mlango wa siri. Sehemu yake ilifichwa katika mafaili ya majaribio. Na maagizo ya kuiamsha hayakuwamo katika hazina ya asili ambayo watu huisoma, bali katika mfuko wa asili uliofungwa kwa ajili ya wajenzi. Maagizo hayo yalitazama kama faili ya rules ya Debian ipo, au kama furushi la RPM linajengwa. Yasipoona dalili hizo, yalinyamaza. Hila ililenga kazi ile ile ya ujenzi niliyoieleza.

Ujenzi unaorudiwa usingeigundua peke yake, kwa kuwa watu wawili wakisaga mtama ule ule wenye sumu watapata unga ule ule wenye sumu. Aliyeigundua ni Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akipima kasi ya mambo mengine kabisa. Aliona kwamba kuingia katika mashine kutoka mbali kumechelewa kwa kiasi cha nusu sekunde. Hakuridhika, akafuata chanzo, na tarehe 29 Machi 2024 akaitangaza habari hiyo. Hila ilikuwa imekwisha kufika katika matawi ya majaribio ya Debian na Fedora, ila haikuwa imeingia katika toleo thabiti la Debian.

Naona mafunzo mawili hapa. La kwanza: ruhusa ya kukagua si ukaguzi. Asili ilikuwa wazi kwa watu wote, na kila mmoja alidhani kwamba mwingine ameitazama. Haki ambayo wote wanayo na hakuna anayeitumia ni kama taa isiyowashwa. La pili lina uchungu zaidi. Mlango wa hila ulifunguka kwanza katika uchovu wa mtu mmoja, kabla ya kufunguka katika mashine. Wengi walitegemea kazi yake, na wachache mno walimuuliza kama anahitaji msaada. Kumwamini mtu, kisha kumwacha peke yake chini ya mzigo wa amana zetu, ni namna ya kumdhulumu.

Neno hili latuhusu na sisi tusemao Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayosema kwa lugha yetu. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu asili ilikuwa wazi na ruhusa ya kuibadili ilikuwapo. Mwaka huo huo ulitoka mfumo wa Ubuntu, uliotokana na Debian, na jina lake, la kusini mwa Afrika, ni ndugu wa neno letu utu. Basi tumekwisha kula katika shamba hili, nasi tuna deni. Mwenye kujua kusoma asili na asome. Mwenye kujua kujenga na arudie ujenzi. Asiyejua haya mawili aweza kuandika maelezo, kutafsiri, kutoa taarifa ya kasoro aliyoiona, au kumshukuru mtu aliyechoka. Wajibu wa kila mtu ni kadiri ya elimu yake, wala hakuna mtu ambaye wajibu wake ni sifuri.

Nimalize kwa kulirudia swali. Anayekagua hakumnyima mwenziwe imani, iwapo anakagua ili kushiriki mzigo wala si ili kutafuta wa kumhukumu. Imani isiyokubali kuulizwa ni woga uliovaa nguo za adabu. Na shaka isiyotaka kufanya kazi ni uvivu uliovaa nguo za akili. Kati ya hizo mbili iko imani ya watu wazima, ambayo mmoja husema, "Tazama," na mwenziwe hutazama kweli. Amana iliyotunzwa hivyo ndiyo izaayo amani.