Kidole Kilichopungua

Hannay alikuwa ameshaambiwa. Hilo ndilo linaloniuma kila nikiitazama *The 39 Steps*, filamu ya kijasusi aliyoiongoza Alfred Hitchcock huko Uingereza mwaka 1935, sinema ikiwa bado changa katika kusema. Annabella, mwanamke aliyeomba hifadhi kwa Hannay, mhusika mkuu, huko London, alimweleza usiku ule ule kwamba mkuu wa majasusi ana majina mengi na anaweza kujigeuza watu wa kila namna. Kitu kimoja tu hawezi kukificha: kidole chake cha mwisho hakina pingili ya juu. Ukikutana na mtu wa hivyo, jihadhari. Hakujapambazuka, Annabella akaingia chumba alicholala Hannay akipepesuka, ana kisu mgongoni na ramani ya Uskoti mkononi.

Angalia kosa lilivyozaliwa. Annabella alisema yupo mtu Uskoti ambaye ni lazima amwendee. Hakusema ni rafiki. Neno hilo Hannay aliliongeza mwenyewe, kwa sababu alilihitaji: mgeni aliyetoka Kanada, anayesakwa na polisi kwa mauaji ambayo si yake.

Akafika kwa mtu huyo wa Uskoti, Profesa Jordan. Nyumba kubwa, wageni waheshimiwa, vinywaji, binti wa nyumba anasherehekewa siku yake ya kuzaliwa. Polisi walipofuata, profesa akawaondoa. Ni nani asingemwamini mtu aliyemwokoa hivyo? Wageni walipokwisha kuondoka, Hannay akamwaga yote, hata habari ya kidole. Akanyanyua mkono wake wa kushoto kuonyesha ni kipi. Jordan, bila haraka, akamuuliza kama ana hakika si hiki, akanyanyua wa kulia. Pingili haikuwepo.

Godfrey Tearle, aliyemwigiza Jordan, hapandishi sauti hata kidogo. Ananyoosha mkono kwa upole kama mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi, na upole huo unatisha kuliko bastola anayoitoa baadaye. Hannay alikuwa na alama kamili, alama ya mwili isiyobadilishwa kwa nguo wala kwa jina. Alichokitazama ni sebule.

Risasi ikapigwa, Hannay akaanguka. Kilichomwokoa ni koti.

Usiku uliotangulia alilala kwa mkulima mmoja maskini, mtu mgumu aliyepokea pesa zake huku akiwaza atapata ngapi zaidi kwa kumsaliti. Mkewe, anayeigizwa na Peggy Ashcroft, alimwamsha gizani akamhimiza akimbie. Akaona koti la mgeni ni jeupe mno, litaonekana usiku, akamvisha jeusi la mumewe, lile la Jumapili. Mfukoni mlikuwa na kitabu cha nyimbo za kanisa. Risasi ya profesa iliishia humo.

Mama yule hakuwa na chochote cha kumfanya aaminike: hana cheo, hana elimu, hata koti alilolitoa si lake. Hannay alimkuta kwa bahati tu, na waliokuwa na vyeo akawafuata mwenyewe. Naye hakujifunza upesi. Alipotoka kwa Jordan alikwenda moja kwa moja kwa sherifu, hakimu wa mahali pale, akamsimulia yote tena. Sherifu akamsikiliza kwa bashasha mpaka polisi walipofika, kisha akamwambia kwamba Jordan ni rafiki yake mkubwa.

Hitchcock ameunganisha nyumba ya mkulima na ofisi ya sherifu kwa sauti peke yake. Mkulima anauliza kitabu chake kiko wapi. Mkewe anajibu kilikuwa mfukoni mwa koti alilompa yule bwana. Mume anamsogelea. Tunasikia mama akilia kwa uchungu, na papo hapo sauti inayofuata ni kicheko: sherifu amekishika kitabu chenye risasi, anachekea maajabu yake. Filamu inaendelea mbio hadi London, na mama yule hatumwoni tena.