Kilomita Saba Ambazo Sikukimbia

Mwaka jana nilipiga picha nikiwa nimevaa medali ya kilomita 21. Nilikuwa nimekimbia 14.

Unaweza kuliona hili jambo dogo. Hata mimi nililiona dogo, kwa siku moja hivi.

Naishi Kirumba, Mwanza. Kazi yangu ni kuendesha kurasa za mitandao ya kijamii za wafanyabiashara: nyumba ya wageni, duka la vifaa vya ujenzi, mama mmoja anayeoka keki na, wakati ule, duka la vifaa vya michezo. Napiga picha, naandika maneno ya kuvutia, najibu watu wanaouliza "bei gani?" wakati bei imeandikwa palepale. Huwa najiambia kazi yangu haina tofauti na ya wavuvi wetu wa dagaa: unawasha taa, wanakuja.

Kabla ya hayo yote, nakimbia. Si mwanariadha, sijawahi kushinda chochote. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nashika barabara ya Makongoro kuelekea mjini, napita kivuko cha Kamanga, naenda hadi Capri Point, nalitazama Jiwe la Bismarck lilivyokaa majini, nageuka. Nikirudi, mitumbwi ya dagaa imeshaingia Mwaloni na kina mama wanabishana bei. "Mwangaluka, dada wa mbio!" wananiita. Nami najibu "Mwangaluka!" huku nahema.

Mambo haya mawili niliyatenganisha kwa miaka. Halafu bosi wa duka la michezo akagundua kwamba nakimbia. "Kumbe! Sasa si uwe wewe mwenyewe ndiyo tangazo?" Akanipa raba, jezi yenye jina la duka, na ada ya kushiriki nusu marathoni. Makubaliano yalikuwa nikimbie, nimalize, niposti. Malipo yake yalikuwa kodi ya nyumba ya miezi miwili, na mwenye nyumba alikuwa ameshaanza kunisalimia kwa sauti ya chini.

Kilomita ya 12 goti la kushoto likaanza kulalamika. Ya 14 nikakaa juu ya jiwe, maana Mwanza jiwe la kukalia halikosekani. Bodaboda akasimama. "Sista, twende?" Nikapanda. Akanishusha kona moja kabla ya uwanja, nikajichanganya na watu waliokwisha maliza, na kijana aliyekuwa akigawa medali akanivisha bila kuuliza. Nikaposti: "21K. Maumivu ni ya muda tu." Sijawahi kupata laiki nyingi vile. Bosi akatuma alama ya moyo, na jioni akatuma pesa.

Usiku ule nilijiuliza: nimemwibia nani? Sikuchukua zawadi ya mtu. Medali zilikuwa za kutosha. Raba zenyewe ni nzuri kweli. Tena katika kazi yetu nani asiyepamba? Nyumba ya wageni naipiga picha kutoka upande ambao ufa hauonekani. Nikalala vizuri.

Jumatatu nilikutana na Mwalimu. Ni mstaafu, ana miaka sitini na kitu, na huwa tunakimbia pamoja asubuhi mbili tatu kwa wiki. Naye alishiriki mbio zilezile.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeona picha yako. Hivi kile kilima cha mwishomwisho ulikipandaje?"

"Taratibu tu, Mwalimu."

Akanyamaza kidogo. "Basi wewe una moyo. Mimi kilinishinda, nilitembea." Akacheka, lakini macho yalikuwa chini.

Hapo ndipo nilipomjua niliyemwibia. Mwalimu alikuwa amekanyaga kilomita zote 21 kwa miguu yake, na alikuwa anaona aibu mbele ya mtu aliyepanda pikipiki. Uongo wangu haukuwa umekaa peke yake kwenye simu. Ulikuwa umesimama kando ya ukweli wa mtu mwingine, ukiufanya uonekane mfupi.

Wiki ile nilimfikiria sana John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu kutoka Mbulu. Katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968, alianguka njiani akaumia vibaya goti na bega. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, jua limeshazama, mguu umefungwa bendeji, watazamaji wengi wameshaondoka. Saa 3:25:27, mtu wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile ili aanze mbio, ilimtuma amalize.

Sisi watu wa matangazo tunaipenda sana habari hii. Nimeshaitumia mwenyewe kumuuzia mtu vifaa vya ujenzi. Ila safari hii niliona jambo nililolipita kila mara: tunamjua Akhwari alivyomaliza kwa sababu kulikuwa na kamera. Bila picha zile, huenda angebaki mstari wa chini kabisa kwenye orodha ya matokeo. Kwa hiyo siwezi kusema kujionesha ni dhambi. Nawajua wanawake kadhaa mtaani kwetu walioanza kukimbia baada ya kuona picha za wanawake wenzao barabarani alfajiri. Kamera imewafaa.

Tofauti ni kile kinachotokea kwa anayetazama. Anayemtazama Akhwari akichechemea hupata ruhusa: kumbe hata wa mwisho ni mkimbiaji. Aliyetazama picha yangu alipata deni. Alilinganishwa na kitu ambacho hakikutokea, akashindwa.

Jumapili iliyofuata nilijaribu njia ya mkato nyingine. Goti lilikuwa limepoa, nikaenda mwenyewe hadi Capri Point na kurudi mpaka saa yangu ikasoma kilomita 7. Nikadhani nimelipa. Wapi! Zile saba hazikuungana na zile 14. Miguu haiwezi kurekebisha kilichosemwa na mdomo.

Kwa hiyo nikabadilisha maneno ya ile posti: kilomita 14, goti, bodaboda. Bosi akapiga simu ndani ya nusu saa. Nilishajiandaa kufokewa. Badala yake akasema, "Aisee, hii ndiyo stori kali! Kuanguka na kuinuka! Twende tukapige picha pale ulipokaa."

Nilikaa kimya na simu sikioni. Toba yangu ilikuwa imeshakuwa tangazo kabla sijaimaliza. Nikamwambia hapana, bosi, na pesa ya mbio nitarudisha kidogokidogo. Pesa aliikataa, lakini mwezi ulipoisha akamtafuta mtu mwingine. Simlaumu. Alikuwa anafanya kazi yake, kazi ambayo ni yangu pia.

Najua unachofikiri: si ndiyo haya umeyaanika hapa? Kweli. Hapa hakuna raba wala jina la duka, lakini huenda nataka mnione mkweli, na hiyo nayo ni medali. Jibu safi sina. Nilichobaki nacho ni swali ninalojiuliza kabla ya kuposti, iwe picha yangu au ya mteja: nani atasimama kando ya hiki, na je, atajiona mdogo kwa sababu ya jambo lisilokuwepo? Ule ufa wa nyumba ya wageni nimemwambia mwenyewe auzibe. Bado hajauziba, na bado napiga picha kutoka upande ule mwingine. Sijafika.

Mwalimu nilimwambia ana kwa ana, kabla sijagusa posti. Alikimbia hatua nyingi bila kusema kitu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo kile kilima hukijui?"

"Sikijui, Mwalimu."

"Basi Jumamosi twende."

Tulikwenda. Ni kirefu kweli. Nilitembea.